Kwa Nini Kumsogelea Mnyama Hakuleti Picha Nzuri

Watu wawili wanaweza kupanda gari moja la utalii, wakasimama mbele ya simba yuleyule kwa muda uleule, na jioni wakirejea kambini mmoja akawa na picha inayomfanya kila anayeitazama anyamaze, na mwingine akawa na picha mia tatu za mnyama mwenye rangi ya nyasi aliyelala chini ya mti. Tukiona hivyo wengi wetu hukimbilia maelezo mawili: kwamba yule wa kwanza alikuwa na kamera ya bei kubwa, na kwamba laiti gari lingesogea mbele kidogo, hata huyu wa pili angepata yake. Maelezo ya kamera yana ukweli wake, ingawa ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Maelezo ya ukaribu, kwa jinsi nilivyoyaona yakifanya kazi mbugani, kwa kiasi kikubwa si sahihi, nayo ndiyo yanayoleta madhara, kwa picha na kwa mnyama pia.

Neno "karibu" limefumbata mambo kadhaa yasiyofanana: ukubwa wa mnyama ndani ya picha, pembe ambayo kamera inamtazama, hewa iliyopo katikati, na namna mnyama mwenyewe anavyojihisi. Mambo hayo hayaendi upande mmoja. Mengine huboreka gari linaposogea, mengine huharibika, na mpiga picha anayeelewa lipi linafanya nini hujikuta, mara nyingi, akimwomba dereva arudi nyuma.

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi na ndiyo inayowapotosha wengi. Kamera yenye kihisi mwanga cha upana wa milimita 36, ikifungwa lenzi ya milimita 400 (kadiri milimita zinavyozidi ndivyo lenzi inavyovuta zaidi vilivyo mbali), huona eneo ambalo upana wake ni pungufu kidogo ya sehemu moja ya kumi ya umbali uliopo. Mnyama akiwa mita 20, fremu nzima ina upana wa mita 1.8 tu. Simba dume aliyekomaa, kuanzia pua hadi shina la mkia, anaweza kufika mita mbili au kuzidi. Kwa umbali huo, basi, lenzi hiyo haimwenei, inamkata kiuno au uso. Gari likibaki kwenye mita 40, upana unakuwa mita 3.6, simba anaingia mzima na mbele ya macho yake inabaki nafasi ya kutazamia, ambayo ndiyo inayoipa picha pumzi. Tembo dume anayetembea kiubavu, mkonga wake ukiwa umenyooshwa, anataka kama mita 80 kwa lenzi hiyohiyo. Na kwa kamera zenye kihisi kidogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, milimita 400 hufanya kazi kama milimita 600, hivyo umbali unaofaa unaongezeka tena kwa nusu yake.

Kwa simu hali ni kinyume kabisa. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na takriban milimita 26 za kamera kubwa, na kwa mita 40 inaona eneo la upana wa mita 55. Simba wa mita mbili na nusu ndani ya picha yenye pikseli 4,000 kwa upana anabaki na pikseli zisizofika 200, na ukimkuza kwa vidole kwenye kioo unachokuza ni ukungu. Jibu la haraka la mwenye simu ni kumsihi dereva asogee. Jibu lenye busara zaidi ni kukubali kile ambacho lenzi pana inakiweza: twiga mdogo chini ya wingu kubwa la mvua, kundi la pundamilia likiwa mstari mwembamba kwenye uwanda wa Serengeti wenye zaidi ya kilomita za mraba 14,000, tembo wa Amboseli akiwa na Kilimanjaro mgongoni mwake. Picha za namna hiyo husema mahali mnyama anapoishi, jambo ambalo lenzi ndefu hulifuta, na mimi nazipenda kuliko nyuso nyingi zilizokuzwa.

Pembe ya kutazama ndiyo inayoathiriwa zaidi na ukaribu, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu aliyesimama kwenye paa lililofunguliwa la gari la utalii anaishika kamera yake mita mbili na zaidi kutoka ardhini, ilhali jicho la simba aliyesimama liko chini ya mita moja. Tuseme tofauti ni mita 1.4. Simba akiwa mita 8, kamera inamtazama kutoka juu kwa pembe ya nyuzi 10 hivi. Akiwa mita 40, pembe hiyo inashuka hadi nyuzi 2. Nyuzi 10 zinaonekana ni kidogo zikitajwa hivi, lakini matokeo yake ni makubwa: mgongo wa mnyama unatawala picha, miguu inafupika, na nyuma yake hakuna upeo wala miti ila udongo na nyasi zilizo hatua chache tu kutoka alipo. Kwa nyuzi 2 kamera inakuwa karibu sawa na jicho lake, na kinachoonekana nyuma yake ni kitu kilicho mbali, ambacho lenzi ndefu inakilainisha hadi kuwa rangi tupu. Ndiyo maana aliyeketi na kupiga kupitia dirishani hushinda mara nyingi kuliko aliyesimama juu, ingawa aliyesimama anaona vizuri zaidi kwa macho yake.

Kuna jambo la tatu linalofanya kazi pamoja na hilo la pembe, nalo ni unene wa tabaka la picha linalokuwa kali. Lenzi haifanyi kila kitu kionekane kwa ukali. Ina kipande fulani cha umbali, mbele na nyuma ya pale ilipolengwa, ambacho jicho hukikubali kuwa kikali. Kwa lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa hadi f/4, yaani tundu lake likiwa wazi sana, kipande hicho kina kina cha takriban sentimita 60 mnyama akiwa mita 20, na zaidi ya mita mbili akiwa mita 40. Akiwa mita 8 kinabaki sentimita 10 tu. Kichwa cha simba kutoka pua hadi jicho kinazidi hapo, kwa hiyo ukipata jicho unapoteza pua, na akigeuza shingo kidogo unapoteza vyote viwili. Watu hurudi nyumbani wakiilaumu lenzi kwamba haikamati fokasi, kumbe lenzi ilifanya kazi yake sawasawa na mnyama alikuwa mnene kuliko tabaka walilompa.

Kwa hesabu hizi mtu anaweza kudhani kwamba kadiri unavyokaa mbali ndivyo unavyopata picha bora, na hapo ndipo hewa inapoingia na kuweka mpaka. Jua likishachoma ardhi, hewa iliyo karibu na udongo inakuwa ya moto kuliko ile ya juu yake, na mwanga unaopita kwenye tabaka hizo za joto tofauti unapinda huku na huku bila kutulia. Ni jambo lilelile linaloleta mazigazi barabarani, yale maji ya uongo unayoyaona mbele ya gari mchana. Kwa macho mtu halioni kwa urahisi. Lenzi ya milimita 600 inalikuza pamoja na mnyama, na manyoya yanayopaswa kuonekana moja moja yanageuka kuwa kama rangi iliyopakwa kwa brashi iliyolowa. Hakuna lenzi, hata ya bei gani, inayoliondoa, wala hakuna programu ya kuhariri inayorudisha kile ambacho hewa imekichanganya. Katika sakafu ya kreta ya Ngorongoro, mahali palipo tambarare na penye nyasi fupi, saa nne asubuhi mnyama aliye umbali wa mita 150 anaweza kuwa hapigiki tena, na mnyama huyohuyo saa moja asubuhi angetoka safi. Hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye boneti la gari lililotoka kuzimwa nayo huharibu picha vivyo hivyo, kwa hiyo haifai kulenga kamera juu ya boneti.

Umbali unaofaa, basi, unategemea saa. Alfajiri hewa imetulia na unaweza kukaa mbali. Mchana unalazimika ama kusogea ama kuiweka kamera chini. Na saa inatupeleka kwenye mwanga wenyewe, ambao karibu na ikweta una tabia yake. Katika Serengeti na Masai Mara jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu mwaka mzima, kisha hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Dakika za kwanza mwanga unapita kwenye unene mkubwa wa anga, unapoteza ubuluu, unakuja wa rangi ya asali na unamwangaza mnyama kutoka ubavuni, ukiingia hadi chini ya kope na ndani ya sikio. Ifikapo saa mbili na nusu jua liko nyuzi 30, na saa moja baadaye liko nyuzi 45. Kuanzia hapo macho ya mnyama yanaingia kwenye kivuli cha paji lake, na jicho lisilo na nukta ya mwanga ndani yake huonekana kama tundu. Kusini zaidi mambo ni tofauti: katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, jua la Juni halifiki hata nusu ya njia kati ya upeo na utosi wakati wa adhuhuri, hivyo mwanga wa kutumika hudumu muda mrefu zaidi. Aliyezoea kupiga picha kule akija Mara huwa anashangaa asubuhi inavyomkimbia.

Mawingu hubadilisha hesabu hiyo. Wageni wengi huyakimbia masika, na ni kweli kwamba barabara za udongo mweusi huwa ngumu, lakini anga la Aprili lenye wingu jepesi hufanya mbingu nzima kuwa taa moja kubwa isiyo na vivuli vikali, na saa za kupiga picha zinaongezeka kutoka mbili kuwa sita au saba. Hewa imeoshwa vumbi na nyasi ni kijani, hali inayomfanya mnyama wa rangi ya hudhurungi atokeze.

Alfajiri yenye mwanga mzuri ni alfajiri yenye mwanga mchache, na hapo ndipo mipangilio ya kamera inapowachanganya watu. Mambo matatu yanagawana mwanga: muda ambao shata, yaani pazia la kamera, inakaa wazi, upana wa tundu la lenzi, na kiwango cha ISO, yaani jinsi kamera inavyokuza mwanga ilioupata. Kinachotakiwa kuamuliwa kwanza ni kasi ya shata, kwa sababu kosa lake halirekebishiki. Chukua duma anayekimbia kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Shata ikiwa 1/500 ya sekunde, mwili wake umeshasogea sentimita 5 kabla haijafungwa. Kwa 1/2000 amesogea sentimita moja na robo, na miguu yake inakwenda kasi kuliko mwili. Kwa hiyo ISO ipandishwe bila woga hadi 3200 au 6400. Chembechembe zinazotokea kwenye picha ya ISO kubwa hupunguzwa baadaye. Mnyama aliyefutika kwa mwendo haponi. Mtu akitaka mwendo wenyewe uonekane, anashuka kwa makusudi hadi 1/30 na kumfuata mnyama kwa kamera kwa mwendo wake, ili kichwa kibaki na ukali na nyasi zigeuke mistari. Njia hii inakataa mara nyingi kuliko inavyokubali, nami huijaribu tu nikiwa tayari nina picha ya kawaida ya tukio hilo.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kinastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa kinadanganya kwa njia inayotabirika. Hakijui kama kinatazama nyati au theluji. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani kina weupe wa kijivu cha katikati, na kinapanga mwanga ili kipate kijivu hicho. Mjaze nyati fremu nzima, na kamera itadhani kuna giza, itaongeza mwanga, na nyati mweusi mwenye matope yaliyokauka mabegani atatoka wa kijivu kama jivu la jana. Hapo mwanga upunguzwe kwa hatua moja, yaani ubaki nusu. Sasa yangeyange atue mgongoni mwake, mweupe pe, na tatizo linakuwa gumu zaidi: ukimpimia nyati, manyoya ya ndege yanaungua na kubaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja unaoonekana, ukimpimia ndege, nyati anazama gizani. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo la kuchagua. Giza linabeba taarifa zinazoweza kuinuliwa wakati wa kuhariri, hasa picha ikihifadhiwa katika umbo lake ghafi, lakini weupe uliokwisha kuungua ni tupu. Tembo, kwa bahati, ni wa kijivu, na kamera humpima sawa karibu kila wakati, isipokuwa akisimama mbele ya anga jeupe.

Hayo yote ni ya upande wa mpiga picha. Upande wa pili uko mnyama, na kila mnyama ana duara lake la umbali: nje ya duara hilo anaendelea na shughuli zake, ukingoni mwake anainua kichwa, ndani yake anaondoka au anashambulia. Picha ambayo watu huitamani, ile ya mnyama anayeishi maisha yake, inapatikana nje ya duara tu. Ukingoni unapata mnyama anayekutazama wewe kwa wasiwasi, na kwa bahati mbaya ndiyo picha iliyojaa kwenye simu za watu.

Ukubwa wa duara hilo hautegemei aina ya mnyama peke yake, unategemea alichofundishwa na maisha. Hapa ndipo tofauti kati ya hifadhi ya taifa na pori la akiba inapokuwa na maana kwa mwenye kamera. Nchini Tanzania uwindaji wa kitalii unaruhusiwa katika mapori ya akiba kwa leseni, ilhali katika hifadhi za taifa ni utalii wa kutazama na kupiga picha. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous ilitengwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mnyama aliyezaliwa kwenye kitalu cha uwindaji hajui kwamba mpaka umechorwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na vizazi vingi vya simba wa Mara vimekua vikiliona gari kama kitu kikubwa kisicholiwa na kisichodhuru. Tena wanaliona kama kitu kimoja. Pale mtu anapojitokeza kiwiliwili kizima dirishani, au anaposimama ghafla juu ya paa na kupunga mkono, umbo la kitu hicho linabadilika na ndani yake anatokea binadamu. Sikio la mnyama linageuka kabla hata hajainua kichwa, na anayeliona sikio hilo mapema bado ana nafasi ya kutulia.

Dalili za namna hiyo ndizo zinazomwambia mpiga picha kitakachotokea, na kuzijua kunamfaa kuliko milimita mia mbili za ziada. Simba anayelala hadi saa 20 kwa siku hupiga miayo mfululizo anapokaribia kuinuka. Kiboko anayefungua kinywa hasinzii, anatisha, na aliye jirani yake majini huenda akajibu. Tai anapotoa kinyesi akiwa kwenye tawi, mara nyingi anakaribia kuruka. Tembo dume mwenye majimaji meusi yanayotiririka kati ya jicho na sikio yuko katika kipindi cha ukali na duara lake limepanuka maradufu. Huyo hasubiriwi, gari linaondoka. Chui aliye juu ya mti huanza kutazama shina na ardhi, akibadilisha mguu mmoja baada ya mwingine, kabla ya kushuka kwa mwendo ambao usipokuwa umejiandaa hutaupata.

Asubuhi moja katika eneo la Seronera, ndani ya Serengeti, tulimkuta simba jike juu ya jabali, mgongo ametupa sisi. Dereva wetu, mtu wa maneno machache, alizima injini tukiwa kama mita 40 na akasema tu, "Huyu hayuko peke yake." Alikuwa ameona chuchu. Magari mawili yalikuja, yakasogea hadi chini ya jabali, yakakaa dakika tano, simba akashusha kichwa, yakaondoka. Sisi tulikaa karibu saa nzima. Simba akapiga mwayo, akapiga wa pili, kisha akatoa mguno wa chini ambao niliuhisi kifuani zaidi ya kuusikia, na kutoka kwenye mwanya ulio chini ya jabali vikatoka vitoto vitatu, cha mwisho kikiwa na majani makavu yamekwama sikioni. Majani hayo yanaonekana kwenye picha. Kama tungekuwa chini ya jabali mama yao asingewaita, au angewaita nasi tungekuwa tunatazama juu na kuona matumbo.

Anayelipa gharama kubwa zaidi ya ukaribu ni duma. Anawinda mchana, saa zilezile ambazo magari yako njiani. Anategemea kumwona swala tomi kabla hajaonwa. Na akishakamata anahitaji muda wa kutweta kabla ya kula, huku simba na fisi wakiwa tayari kumpora. Magari yanayomzunguka yanamziba macho, yanawastua swala, na yanawaonyesha fisi mahali alipo. Utafiti wa duma wa Masai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika maeneo yenye watalii wengi majike walifanikiwa kulea wastani wa takriban watoto 0.2 kwa uzao mmoja, ilhali katika maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa zaidi ya 2. Nikiwa karibu na duma mwenye watoto hujiuliza ni gari la ngapi kwake siku hiyo, na kuna siku nimeiacha kamera ndani ya mfuko na tukapita.

Kwenye kivuko cha nyumbu katika Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, kosa ni la namna nyingine. Nyumbu husitasita ukingoni kwa saa nyingi, na magari yanayokimbilia kupanga mstari kando ya mto kabla wa kwanza hajaingia majini hulirudisha kundi zima nyuma, au huziba mahali pa kutokea upande wa pili. Madereva wanaojua kazi hukaa mbali na ukingo hadi kundi liwe limeshika mwendo, kwa maana nyumbu walioanza kuvuka hawasimamishwi tena na gari lililokuja taratibu.

Ndiyo maana nasema dereva ni nusu ya mpiga picha. Yeye ndiye anayeamua jua liwe mgongoni au ubavuni, gari lisimame mbele ya njia ya mnyama au nyuma yake, na injini izimwe lini. Injini inayonguruma hutikisa lenzi ndefu kiasi cha kuharibu picha hata kwa shata ya haraka, na mtu mmoja anayehama kiti nyuma hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo wote walio ndani hukubaliana kutulia kabla ya kupiga. Stendi ya miguu mitatu haina kazi garini. Kinachofaa ni mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, unaolazwa dirishani na lenzi ikalala juu yake. Na lenzi haibadilishwi gari likiwa katikati ya vumbi, kwani chembe moja ikitua kwenye kihisi inaonekana kama doa angani kwenye kila picha ya siku hiyo.

Kanuni za hifadhi nyingi zinalinda umbali huohuo ninaouzungumzia. Katika hifadhi za taifa za Tanzania gari haliruhusiwi kuacha barabara. Masai Mara imeweka kikomo cha magari matano kwa mnyama mmoja na umbali wa mita 25. Droni hazirushwi bila kibali, na picha za biashara zina vibali vyake. Mgeni anayemshinikiza dereva avunje kanuni hizi anamwachia adhabu ambayo yeye mwenyewe hataibeba, kwa kuwa kesho yake anapanda ndege na dereva anabaki na leseni iliyo hatarini.

Kiu ya ukaribu si ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku za simba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akitumia mabamba ya kioo na unga uliowaka kwa mmweko mkali, na akifunga mifugo hai kama chambo ili simba waje mbele ya kamera. Kwa vifaa vya wakati ule hakukuwa na njia nyingi nyingine. Leo kihisi cha kamera kinaona katika mwanga ambao yeye asingeweza hata kuulenga, na mmweko unaopigwa usoni mwa mnyama wa usiku, ambaye nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, humpumbaza kwa muda ambao huenda alikuwa anauhitaji kuwinda au kukimbia.

Ukaribu una sura moja ya mwisho, nayo hutokea mpiga picha akiwa ameshafika nyumbani. Simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache, na picha ikitumwa kama faili taarifa hiyo mara nyingi husafiri nayo. Kwa pundamilia haina uzito. Kwa faru ina uzito: mwaka 2014 pekee Afrika Kusini ilipoteza faru 1,215 kwa ujangili. Mimi huzima taarifa ya mahali kabla ya kufika langoni, naitaja hifadhi bila kutaja bonde wala mto, na picha ya faru ambayo nyuma yake kuna kilima chenye umbo linalotambulika kwa mwenyeji naikata hadi kilima kitoke, au siitoi kabisa.